Sinia la Mavuno: Kumkirimu Mgeni Bila Kumaliza Ghala



Mavuno yamekwisha. Mahindi yamo ghalani. Karanga zimekauka. Viazi vitamu bado vimo matutani, na unachimba kila unapotaka. Huu ndio wakati wa wageni. Wakwe huja kuzungumza mambo ya posa. Ndugu wa mjini huja kusalimu. Watoto wanaosoma mbali hurudi likizo. Arusi na ngoma nyingi hufanywa wakati huu.

Kupata wageni ni heshima. Wazee wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini fikiri kidogo. Je, ni nyumba ngapi unazozijua ambazo mwenyeji hakupona? Mgeni alikuja, akala, akaondoka. Mwenyeji akabaki na deni.

Katika somo hili tutajifunza kuandaa sinia la vyakula vya mavuno. Ni sinia moja kubwa lenye vyakula vingi vidogo vidogo. Wageni hulizunguka, huzungumza, na kila mmoja huchukua anachopenda. Vyakula vyake vingi vimo shambani mwako au gengeni. Sinia hili halikulazimishi kuchinja mbuzi wala kuuza mahindi. Linataka mambo matatu tu: mpango, usafi na uangalifu.

1. GUNIA MOJA LA MAHINDI

Kwanza tufikirie nyumba moja yenye watu sita: baba, mama, bibi na watoto watatu. Mwaka huo walivuna vizuri. Mwezi wa Juni wakapata habari kwamba wakwe watakuja.

Baba akasema, "Mama Watoto, wakwe zetu wasiondoke hapa wakisema tuna njaa."

Mama akajibu, "Kweli, Baba Watoto. Lakini tutumie tulicho nacho."

Baba hakukubali. Aliona aibu. Akauza gunia moja la mahindi. Fedha zake akanunulia mchele, mafuta, soda na mbuzi. Wageni walikula, wakashiba, wakasifu. Lakini chakula kilikuwa kingi mno. Sahani nyingi zilirudi jikoni nusu. Wali uliobaki ulichacha usiku ule ule.

Sasa chukua karatasi na kalamu, tufanye hesabu. Tuseme gunia lile lilikuwa na madebe 6. Debe moja la mahindi lina uzito wa kilo 18 hivi. Mara 6 ni kilo 108. Tuseme nyumba ile inakula kilo 3 za unga wa dona kwa siku. Gawa 108 kwa 3. Utapata 36.

Unaona? Baba hakuuza gunia tu. Aliuza chakula cha siku 36. Ni zaidi ya mwezi mmoja.

Wakati wa mavuno mahindi huwa mengi, na bei yake huwa ndogo. Mwezi wa Januari na Februari maghala mengi huwa matupu, na bei hupanda. Ilipofika Januari, nyumba ile ilitaka kununua mahindi. Fedha zilizopatikana kwa gunia zima mwezi wa Juni sasa zisingeweza kununua gunia zima tena. Na Januari ni mwezi wa kupalilia. Baba na mama walikwenda kufanya kibarua katika mashamba ya watu ili wapate unga wa jioni. Shamba lao wenyewe likamezwa na majani. Mavuno yaliyofuata yakapungua.

Wageni hawakuwa na kosa. Wao hawakuomba mbuzi. Kosa lilikuwa katika mpango.

2. KWA NINI SINIA?

Kula pamoja katika sinia moja si jambo geni kwetu. Watu wa pwani wamekula hivyo tangu zamani. Vijijini kwetu pia, watu hukaa mkekani na kula chombo kimoja. Jambo jipya hapa ni kuchanganya vyakula vikavu na matunda kwa mpangilio mzuri.

Watu wa Ulaya na Marekani nao wana desturi inayofanana na hii. Wakati wa vuno lao, majani ya miti yanapopukutika kabla ya baridi kali, huweka vyakula juu ya ubao. Huweka vipande vya nyama iliyotiwa chumvi na kukaushwa, jibini, mkate, zabibu na matofaa. Zamani wakulima wa huko walichinja nguruwe wao kabla ya miezi ya baridi, kwa sababu malisho yalikuwa yakipungua. Nyama nyingi wakaitia chumvi ili isioze. Kwa hiyo nao walianza kama sisi: kila mmoja alimpa mgeni kile alichokivuna na kukihifadhi.

Sinia la mavuno lina faida nne.

Kwanza, gharama ni ndogo. Unanunua vitu vichache tu.

Pili, kazi nyingi hufanywa kabla. Mama wa nyumbani hakai jikoni wakati wageni wakizungumza. Naye hukaa akazungumza.

Tatu, chakula hakipotei. Karanga zisizoguswa hurudi mtungini. Yai lisilomenywa huliwa na watoto jioni ile.

Nne, mgeni hupata chakula bora, yaani chakula cha namna mbalimbali. Mwaka 1973 Tanzania ilikuwa na kampeni ya "Mtu ni Afya". Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya "Chakula ni Uhai". Watu wengi waliosoma katika vikundi wakati ule walijifunza kwamba kushiba peke yake hakutoshi. Mwili unataka chakula cha kuutia nguvu, chakula cha kuujenga na chakula cha kuulinda. Sinia lako liwe na vyote vitatu.

Chakula cha kutia nguvu ni kama viazi vitamu, muhogo, magimbi na ndizi.

Chakula cha kujenga mwili ni kama karanga, njugu mawe, mayai, dagaa na nyama.

Chakula cha kulinda mwili ni kama machungwa, papai, ubuyu, nyanya na matango.

Tumia kilicho tele mahali ulipo. Ukiwa Dodoma, ubuyu na karanga ni vyako. Ukiwa kando ya ziwa, dagaa ni rahisi. Ukiwa Kagera au Kilimanjaro, una ndizi. Ukiwa pwani, una nazi na samaki. Usitafute embe mwezi wa Juni. Wakati wake bado, na ukilipata bei itakuumiza. Nunua tunda lililo wakati wake.

3. KUTAYARISHA VYAKULA

Karanga

Karanga ndizo moyo wa sinia. Lakini karanga mbaya zina hatari. Soma sehemu hii polepole.

Karanga au mahindi yakikaushwa vibaya, au yakiwekwa penye unyevu, huota ukungu. Ukungu wa namna fulani hutoa sumu. Sumu hiyo huitwa sumukuvu. Huioni kwa macho. Ukichemsha karanga, sumu haitoki. Ukizikaanga, sumu haiishi. Mtu akila sumu nyingi kwa mara moja, ini lake huharibika na anaweza kufa. Akila kidogo kidogo kwa miaka mingi, anaweza kupata saratani ya ini.

Haya si maneno ya kutishana. Mwaka 2004, huko mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua kwa sababu ya mahindi yenye sumukuvu. Kati yao 125 walikufa. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara, hapa Tanzania.

Basi fanya hivi:

Kausha karanga juu ya mkeka, turubai au kichanja. Usizianike juu ya ardhi tupu. Zikikauka vizuri, ukitikisa ganda utasikia punje zikilia ndani.

Zihifadhi mahali pakavu penye hewa. Gunia lisikae sakafuni. Liweke juu ya mbao au magogo.

Kabla ya kukaanga, mwaga karanga katika ungo penye mwanga. Chagua moja moja. Toa zenye ukungu, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa na wadudu. Ukitafuna karanga ukaona ni chungu, iteme.

Zile ulizotoa usiwape kuku. Usizitwange kwa mboga. Zifukie shimoni. Mtu anayesema "hizi tutasaga tu" anasaga sumu.

Karanga nzuri zikaange kwa moto mdogo. Weka mchanga safi au chumvi katika chungu ili ziive sawasawa. Koroga bila kuacha. Ngozi ikianza kuachana na punje, ipua. Zikipoa ziweke katika chombo chenye kifuniko.

Jambo moja zaidi. Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima. Inaweza kuingia katika njia ya pumzi na kumkaba. Mtwangie.

Viazi vitamu na muhogo

Viazi vitamu vioshe na uvichemshe na maganda yake. Hivyo havilowi maji, na utamu hubaki. Vikipoa, menya na ukate vipande vya unene wa kidole gumba. Viazi vyenye nyama ya rangi ya chungwa hupendeza zaidi kwa macho, tena vina vitamini A nyingi.

Kwa muhogo, tumia muhogo mtamu tu. Muhogo mchungu una sumu, na kuuchoma au kuuchemsha kwa haraka hakutoshi. Huo ni wa kumenya, kuloweka siku kadhaa, kuanika mpaka ukauke kabisa, na kutwanga unga. Usikisie. Muulize mwenye shamba alipanda mbegu gani. Muhogo mtamu umenye, utoe uzi wa katikati, uukate, uuchemshe kwa maji yenye chumvi. Ukitaka, upake mafuta kidogo na uuchome juu ya makaa mpaka uwe na rangi ya kahawia.

Njugu mawe

Ziloweke usiku mzima. Asubuhi mwaga maji, tia mengine, zichemshe mpaka zilainike. Tia chumvi mwishoni. Wazee wasio na meno hushukuru zikiwa laini kabisa.

Mayai

Jaribu kila yai kwanza. Litie katika bakuli la maji. Yai jipya huzama na kulala. Yai la zamani kidogo husimama. Yai linaloelea juu, litupe.

Chemsha mayai. Maji yakitokota, hesabu dakika 10. Yapoze kwa maji safi. Yaache na maganda yake, kwa maana ganda ni mfuniko. Utayamenya au kuyakata wageni wakiwa wamefika.

Dagaa

Dagaa wakavu huwa na mchanga. Toa vichwa. Waoshe kwa maji ya vuguvugu, mara mbili au tatu, mpaka maji yawe meupe. Wakaushe juani kidogo. Kisha wakaange kwa mafuta kidogo mpaka walie wanapotafunwa. Nyunyiza chumvi na ndimu.

Nyama

Si lazima uwe na nyama. Ukiwa nayo, nusu kilo yatosha watu sita kuonja. Nunua nyama iliyokaguliwa. Usinunue nyama ya kibudu, hata kwa bei ya bure. Ng'ombe au mbuzi aliyekufa mwenyewe anaweza kuwa na kimeta, na kimeta huua watu pia. Mwite bwana mifugo. Usimchune, usimpasue.

Ukitaka kukausha nyama, ni lazima ujue kwa nini nyama huoza. Vijidudu hupenda maji yaliyomo katika nyama. Chumvi huvuta maji hayo yatoke. Jua na moshi huyamaliza. Nyama isiyo na maji haiwafai vijidudu.

Kata nyama vipande virefu vyembamba, visivyozidi unene wa kidole cha mwisho. Toa mafuta. Paka chumvi pande zote. Tundika vipande juu ya kamba safi penye jua kali na upepo. Vifunike kwa kitambaa chepesi au chandarua safi, inzi wasiguse. Jioni viingize ndani, juu ya moshi wa jiko. Siku ya pili au ya tatu vitakuwa vikavu na vigumu. Kama hakuna jua, usianike. Nunua nyama siku ile ile na uichome.

Nyama iliyokaushwa usiipeleke mezani hivyo hivyo. Ichemshe kwanza mpaka ilainike, kisha ikaange au ichome. Ikate vipande vya kutosha mdomo mmoja.

Matunda na kachumbari

Osha matunda yote kwa maji safi kabla ya kuyakata, hata yale unayoyamenya. Kisu hupeleka uchafu wa ganda ndani. Kata machungwa vipande vinne vinne. Kata papai vipande virefu, utoe mbegu. Weka kipande cha ndimu kando ya papai.

Kachumbari itengeneze mwisho kabisa. Kata nyanya, vitunguu na matango. Tia chumvi, ndimu na pilipili kidogo. Pilipili nyingi iweke katika kikombe peke yake. Si kila mgeni anaiweza.

Kinywaji

Soda si lazima. Chemsha maji mpaka yatokote sana, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Loweka ukwaju au ubuyu katika maji hayo, chuja, tia sukari kidogo. Ubuyu una vitamini C nyingi. Togwa na chai pia hufaa. Maji ya kunywa yachotwe kwa kata yenye mpini mrefu, vidole visiguse maji.

4. KIASI CHA KUTOSHA WATU SITA

Watu wengi hukosea hapa. Hukisia kwa hofu. Hofu hupika sufuria mbili badala ya moja. Pima, usikisie. Kwa wageni sita andaa hivi:

Viazi vitamu vya kadiri 6
Muhogo mtamu vipande 12
Karanga vikombe 2
Njugu mawe vikombe 2
Mayai 6
Dagaa waliokaangwa vikombe 2, au nyama nusu kilo
Machungwa 4
Papai 1
Bakuli 1 la kachumbari
Maji ya ukwaju au ubuyu lita 3

Wageni wakiwa 12, zidisha kila kitu mara mbili, na tumia masinia mawili. Usirundike vyakula vya watu 12 juu ya sinia moja.

Sasa gawa karatasi yako sehemu mbili. Upande wa kushoto andika vitu ulivyo navyo nyumbani. Upande wa kulia andika vya kununua, na bei ya kila kimoja. Jumlisha. Kama jumla inakushinda, futa kitu kimoja. Ukifuta nyama, sinia bado ni sinia. Mayai na karanga vitajenga mwili.

5. KUPANGA SINIA

Tafuta sinia pana. Kama huna, tumia ungo mpya safi. Tandika jani la mgomba. Jani lioshe, kisha lipitishe juu ya moto kidogo. Litalainika na halitapasuka.

Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kisha panga kwa utaratibu huu:

Kwanza, weka vibakuli vya kachumbari, pilipili na chumvi. Viweke mbalimbali, si pamoja.

Pili, panga viazi na muhogo pande mbili zinazoelekeana.

Tatu, weka dagaa au nyama katika kisahani chake. Mafuta yake yasiloweshe vingine, na asiyekula apate kukiepuka.

Nne, panga mayai na njugu mawe.

Tano, panga matunda ukingoni. Vitu vyenye maji vikae mbali na vikavu. Chungwa likigusa karanga, karanga hulegea.

Mwisho, jaza karanga katika nafasi zilizobaki. Sinia lililojaa hupendeza, hata kama vitu ni vya kawaida.

Funika kwa kawa. Inzi aliyetoka chooni haogopi heshima ya mgeni.

6. SIKU YA WAGENI

Siku mbili kabla: chagua na kaanga karanga. Kausha nyama kama unayo. Fua vitambaa.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe: loweka njugu mawe. Chemsha maji ya kunywa.

Asubuhi: chimba viazi na muhogo, uvichemshe. Chemsha njugu mawe na mayai.

Saa moja kabla ya wageni: kaanga dagaa au nyama. Kata matunda. Tengeneza kachumbari. Panga sinia.

Wageni wakifika, wakaribishe, wape maji ya kunawa. Usitumie beseni moja ambalo kila mtu huchovya mikono. Mkono wa kwanza huacha uchafu, na mkono wa sita huuchukua wote. Mimina maji kwa birika, na sabuni iwepo. Kama una kibuyu chirizi, kiweke karibu na mlango. Magonjwa ya kuhara na kipindupindu hupitia mikononi na katika maji. Mgeni akiugua kwako, ukarimu wote unasahauliwa.

Uliza mapema kama kuna asiyekula kitu fulani. Wengine hawali nyama kama hawajui nani amechinja. Wengine wamekatazwa sukari na daktari. Kwa mzee asiye na meno, tenga kisahani cha papai, kiazi laini na njugu zilizopondwa. Usingoje aombe. Wazee huona haya kuomba.

Nyama, dagaa, mayai yaliyomenywa na kachumbari visikae nje zaidi ya saa mbili. Vikibaki baada ya muda huo, usivihifadhi. Karanga zilizobaki katika chombo chao, ambazo hazikuguswa, zirudishe.

7. WAKWE WALIRUDI

Turudi katika nyumba yetu ya mfano. Mwaka uliofuata wakwe walituma habari tena. Walikuwa wanakuja kupanga siku ya arusi. Baba alikaa kimya muda mrefu. Alitazama ghala. Halikujaa.

Mama akasema, "Baba Watoto, tuandae sinia."

Baba akasema, "Watatucheka. Mwaka jana walikula mbuzi, mwaka huu tuwape karanga?"

Bibi alikuwa akichagua karanga ungoni. Akainua uso, akasema, "Mwanangu, mwezi wa Januari ulipokwenda kibaruani, nani alikucheka? Si hao wakwe. Wao hawakujua hata kidogo. Waliojua ni watoto wako waliolala bila kula."

Baba hakujibu. Alichukua jembe, akaenda kuchimba viazi.

Wakwe walikuwa sita. Walinawa, wakakaa mkekani. Mama akafunua kawa. Viazi vilikuwa vya rangi ya chungwa, mayai meupe, papai jekundu, na jani la mgomba la kijani. Wageni walikula polepole, na mazungumzo yakaenda vizuri. Walipanga siku ya arusi, na pia walipanga gharama zake bila kuoneana aibu.

Wakati wa kuaga, mkwe mkubwa, mama wa makamo, alimshika mama mkono. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwenzangu, nakushukuru. Mwaka jana mlipotuchinjia mbuzi, nilirudi nyumbani na wasiwasi. Nilijua zamu yetu ikifika, na sisi tutalazimika kuuza kitu. Leo umenitua mzigo."

Fikiri maneno hayo, ndugu msomaji. Unapomkirimu mgeni kupita uwezo wako, unampa na yeye deni la kulipa. Unapomkirimu kwa kadiri yako, unamwacha huru.

Mwezi wa Januari ulipofika, nyumba ile ilikuwa na mahindi ghalani. Baba na mama walipalilia shamba lao wenyewe.

Jaribu sinia hili mara moja kabla wageni hawajaja. Liandae kwa ajili ya watoto wako na bibi yao. Nao wanastahili chakula kilichopangwa vizuri.

MASWALI

1. Nyumba ya mfano iliuza chakula cha siku ngapi? Ilipataje hesabu hiyo?
2. Nyumba yako hula kilo ngapi za unga kwa siku? Gunia moja la kilo 108 lingetosha siku ngapi?
3. Sumukuvu ni nini? Kwa nini kukaanga karanga hakutoshi?
4. Kwa nini nyama iliyotiwa chumvi na kukaushwa haiozi upesi?
5. Taja vyakula vitatu vya kutia nguvu, vitatu vya kujenga mwili na vitatu vya kulinda mwili vinavyopatikana kijijini kwenu wakati wa mavuno.

YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini baba aliona aibu kuwapa wakwe chakula cha shambani? Je, katika kijiji chetu aibu hiyo ipo? Inatokana na nini?
2. Mkwe mkubwa alisema, "Leo umenitua mzigo." Alikuwa na maana gani?

KAZI YA KUFANYA

Andika orodha ya sinia la wageni sita kwa vyakula vya kwenu. Andika vilivyopo nyumbani na vya kununua. Weka bei za soko lenu na ujumlishe. Linganisha jumla yako na ya mwenzako.